Jinamizi si Laana

Wako watu katika mtaa wa Katindo, hapa Goma, ambao usiku huota moto wa volkano ya Nyiragongo ukiteremka tena kama ulivyoteremka tarehe 17 Januari 2002 na 22 Mei 2021, au husikia ndotoni milio ya bunduki ya vita vya Januari 2025, kisha huamka wametota jasho, mkono ukipapasa kitanda kuwatafuta watoto. Na kwa kuwa hawana wa kumweleza, hudhani wamerogwa.

Dhana hiyo, kwa itikadi yangu, huwazidishia adha waliokwisha kuteseka. Akili iliyopatwa na hofu kubwa haiachi kulinda zamu hata mwili ulalapo: katika usingizi wa ndoto, sehemu za ubongo zinazohusika na hofu hufanya kazi kwa bidii, na taharuki za mchana, yaani njaa, kodi ya nyumba na habari za vita, huzichochea.

Dawa nayo ipo: matabibu wa nafsi humfundisha mgonjwa kuisimulia ndoto yake mchana, aubadili mwisho wake apendavyo, kisha airudie kimoyomoyo kila siku. Basi ni wajibu wa kila kituo cha afya kumuuliza mgonjwa jinsi alalavyo, na ni wajibu wetu sisi majirani kumsikiliza aotaye bila ya kumtuhumu mtu uchawi.