MGENI NJOO, MWENYEJI APONE



Katika hifadhi ya Sera, nchi ya Wasamburu, mgeni hulipa ili atembee kwa miguu hadi karibu na faru mweusi wa porini. Mbele yake huenda askari wa wanyamapori: husoma nyayo, huchunguza upepo, huonyesha kwa mkono pa kusimama, kwa maana faru haoni mbali, bali hunusa na kusikia upesi.

Kazi hiyo ni njema. Faru weusi wa Kenya, waliokuwa wapatao 20,000 mwaka 1970, walibaki chini ya 400 mwishoni mwa miaka ya 1980. Waliporudishwa Sera mwaka 2015, juu ya ardhi ya jamii, tulifurahi. Kiumbe cha Mungu kisiangamizwe kwa sababu ya pembe.

Tunachokikataa ni usemi kwamba anayeuliza habari za fedha na malisho ni adui wa wanyama. Sivyo hata kidogo! Uzio unaomlinda faru huzifunga na nyasi. Katika ukame wa 2021 na 2022 mifugo ilikufa kwa maelfu kaskazini, na nyasi zilikuwa uhai. Aliyetoa nyasi zake ni mbia, si ombaomba. Asiambiwe ashukuru kwa darasa na kisima pasipo kuonyeshwa hesabu.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 yasema wazi: mapatano na mwekezaji hayana nguvu yasipoidhinishwa na theluthi mbili ya mkutano wa wanajamii. Si wazee watano chini ya mti. Wajane wamo, na vijana wamo.

Mwaka ule ule wa 2015 Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato si', alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi. Tukumbuke pia kwamba Ahabu alitamani bustani tu. Nabothi akapoteza uhai.

Hatumshitaki mtu. Lakini ninyi viongozi wa walei, popote penye hifadhi juu ya ardhi ya jamii, ulizeni katika Jumuiya Ndogo Ndogo: Je, ardhi yetu imesajiliwa? Mapatano yaliandikwa kwa lugha gani, na nani alitia sahihi? Fedha za wageni wa mwaka jana zilikwenda wapi?

Mwenyeji anayemwongoza mgeni hadi kwa faru anastahili naye kuongozwa hadi kwenye daftari la hesabu. Hapo ndipo mwenyeji atakapopona.