MASHINE YA PRESHA BILA DAFTARI NI MCHEZO

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Je, yule asiyejua hata kuwa ana maradhi tumwiteje? Wasomaji wapenzi, leo nataka tuzungumze juu ya presha, yaani shinikizo la damu, na jinsi tunavyoipima majumbani mwetu hapa Bute.

Mwaka jana mjomba alituletea mashine ya presha kutoka Eastleigh, Nairobi. Bei yake haikufika ya mbuzi mmoja. Jioni hiyo nyumba ilijaa watu, kila mtu ati anataka kupimwa. Nyanya yangu tayari alikuwa anameza dawa za presha. Alipopimwa nilisoma 128 kwa 80, nikapaza sauti, "Nyanya, umepona!"

Kumbe nilimponza. Siku ile ile aliacha dawa. Tulipomuuliza alijibu, "Kichwa hakiniumi na mashine imesema niko sawa." Baada ya wiki tatu tulimpima tena tukakuta 178 kwa 104. Alhamdulillahi, tulimfikisha hospitali kabla hajapooza. Daktari akauliza, "Daftari la vipimo liko wapi?" Sote tukanyamaza kimya.

Maoni yangu ni kwamba mashine bila daftari ni mchezo wa watoto. Presha hupanda na kushuka mchana kutwa, kwa hivyo kipimo kimoja hakitoshi. Ile 128 ilikuwa kazi ya dawa, wala haikuwa ruhusa ya kuziacha. Dawa hupunguzwa na daktari, si na mjukuu.

Tena tulikuwa tunapima ovyo. Nyanya alikuwa ndio kwanza amemaliza chai na anapiga gumzo. Muuguzi alitufundisha hivi: mtu akae kitini dakika tano, ameegemea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Asiongee. Nusu saa kabla asinywe chai, asivute sigara wala kutafuna miraa. Apimwe mara mbili, dakika moja katikati, asubuhi na jioni, na yote yaandikwe. Nyumbani, wastani ukifika 135 kwa 85 au zaidi, peleka daftari kwa daktari. Ukiona 180 kwa 120 pamoja na maumivu ya kifua au mkono kufa ganzi, usingoje kesho.

Wapo wanaodai kuwa mashine huwatia wazee wasiwasi bure. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watu wazima nchini Kenya hawakuwa wamewahi kupimwa presha. Ugonjwa huu mara nyingi hauna dalili yoyote. Wasiwasi wa wiki moja ni afadhali kuliko kitanda cha maisha.

Sasa nani ataandika? Wazee wetu wengi hawakupata bahati ya kusoma. Sisi wa shule ya kutwa tunarudi nyumbani kila jioni. Tukiweza kuchora grafu za hesabu, tutashindwaje kuandika namba mbili na tarehe? Wenzangu, kila mmoja wetu atenge daftari moja la nyanya au babu. La nyanya yangu sasa limefika ukurasa wa kumi na tisa, na dawa anameza.

Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu