Wenzangu, Tieni Maji

Wahenga walisema ukimwona mwenzako ananyolewa, nawe zako tia maji. Mimi nimeshanyolewa mfukoni, na kilichoninyoa ni wembe wa shilingi elfu moja. Ninaandika kuwapinga wanafunzi wenzangu wanaoamini kwamba wembe wa plastiki, ule wa kutumia na kutupa, ndio wembe wa mtu asiye na pesa. Ninasema ni wembe unaomfanya aendelee kuzikosa.

Tuanze na hesabu. Hapa Bugembe ninanunua wembe huo dukani karibu na hosteli yetu, kando ya barabara kuu ya Jinja kwenda Iganga. Ninanyoa ndevu mara mbili kwa wiki, na baada ya wiki mbili makali yamekwisha. Kwa mwaka ni nyembe 26, yaani shilingi 26,000. Rafiki yangu mmoja aliletewa kutoka ng'ambo wembe wa chuma wa kukunja, pamoja na kinoo na mkanda wa ngozi wa kuunolea, kwa shilingi 180,000. Nilimcheka. Lakini ikipita miaka saba mimi nitakuwa nimetumia 182,000, na mkononi sitakuwa na kitu. Kuanzia hapo yeye ananyoa bure, mimi ninaendelea kulipa. Tukifika miaka 40 nitakuwa nimetoa 1,040,000, hata kama bei haitapanda. Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba hiki ni cha mwenye kiwanda.

Mambo haya yalipangwa. King Camp Gillette, Mmarekani aliyekuwa akiuza vizibo vya chupa, alishauriwa na mwajiri wake abuni kitu ambacho mteja atakitumia, atakitupa, kisha atarudi kununua kingine. Mwaka 1903 kampuni yake iliuza vishikio 51 na nyembe 168. Mwaka 1975 kampuni ya Bic ikaleta wembe unaotupwa pamoja na mpini wake.

Ninajua walimu wangu watanijibu nini, na jibu lao lina uzito. Wao wanakumbuka kampeni dhidi ya UKIMWI zilizoanza nchini Uganda mwaka 1986, na fundisho lake kwamba kila mtu awe na wembe wake. Wembe wa bei ndogo uliwawezesha watu wengi kulitii fundisho hilo. Sikatai. Lakini walimu wangu, njooni hosteli wiki ya mwisho ya muhula, wakati hata posho na maharagwe tunakula kwa deni. Muhula uliopita niliamka nikamkuta mwenzangu wa chumba ananyolea wembe wangu uliokwisha kutumika. Akasema, "Nisamehe ndugu, leo nina mahojiano ya kazi na elfu sina." Sikuweza kumgombeza. Wiki moja kabla ya hapo, mimi mwenyewe nilikuwa nimenyolea wembe ulioachwa bafuni na mtu nisiyemjua.

Hiyo ndiyo gharama ambayo hesabu yangu ya kwanza haikuionyesha. Wembe ulioletwa ili tusiazimane huisha makali siku ambayo hatuna pesa, nasi tunarudi kuazimana. Virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini aina ya B haviulizi kama wembe ulikuwa wa kutupa au wa kudumu. Vinauliza umepita kwenye ngozi za watu wangapi.

Tazameni ndugu zetu wa Mbale. Wamasaaba hutahiri vijana wao katika Imbalu kwa kisu cha kudumu kinachonolewa. Hatari ya maambukizi ilipojulikana, wahudumu wa afya walihimiza kila kijana awe na kisu chake. Kisu kilibaki kisu, kilichobadilika ni desturi ya kukitumia kwa watu wengi.

Kikwazo cha kweli ni kupata 180,000 kwa mkupuo, na hilo mama zetu walishalitatua zamani katika vikundi vyao vya kuweka akiba. Tukiwa 36, kila mmoja akitoa shilingi 5,000 kwa mwezi, kila mwezi mmoja wetu atapata wembe wake. Kwa miaka mitatu, muda wa shahada yetu, sote tutakuwa nao. Tutajikata mwanzoni, kwa maana wembe wa kukunja una mafunzo yake. Na sharti la kikundi litakuwa moja: wembe hauazimwi, hata kwa ndugu wa tumbo moja.

Mwenzangu wa chumba ninapendekeza awe wa kwanza kupokea. Nyinyi wengine, tieni maji.