Mgonjwa wa taya tumtembelee wiki ya sita



Frateri au muumini anapofanyiwa upasuaji wa kurekebisha taya, hatuhitaji kukumbushwa kwenda kumwona. Jumuiya inajipanga, wanadarasa wenzake wanachanga nauli, akina mama wa WAWATA wanabeba chupa za uji. Tatizo letu ni kwamba tunakwenda wote wiki ya kwanza. Wakati huo uso umevimba, mdomo haufunguki, na kila "pole, unaendeleaje?" inamdai jibu asiloweza kulitamka. Wiki ya sita anakuwa na njaa, amekonda, anajiuliza kama aliamua vema, na hapo hatumwoni mtu mlangoni kwake. Sisi tunaona utaratibu huu ugeuzwe.

Wengi wetu tumewahi kumwona mtu aliyefungwa waya mdomoni baada ya ajali ya bodaboda, tukadhani mambo ni yale yale. Hapana. Katika upasuaji huu taya halijavunjika. Limekua bila kulingana na la pili, na daktari analikata kwa makusudi, analisogeza milimita kadhaa, kisha analishikiza kwa vibao vidogo vya titani na skrubu. Pengine hukatwa la juu na la chini kwa siku moja. Kazi kubwa hufanyika ndani ya kinywa, kwa hiyo mara nyingi usoni hakuna kovu. Hugo Obwegeser, aliyefanya kazi Zürich, ndiye aliyeendeleza katika miaka ya 1950 njia ya kupasua taya la chini ambayo bado ni msingi wa kazi hii. Wanaofanyiwa ni watu ambao meno ya juu na ya chini hayakutani wakashindwa hata kukata chapati, wengine hukosa pumzi usingizini, na wengine walizaliwa na mdomo wazi, kisha taya la juu likabaki nyuma walipokua. Wengi huvaa waya za kunyoosha meno kwa mwaka mzima au zaidi kabla ya upasuaji, na miezi kadhaa baada yake.

Kupona kwenyewe kuna kalenda ambayo macho yetu hayaisomi vizuri. Uvimbe hufikia kilele siku ya pili au ya tatu. Baada ya wiki mbili tatu sehemu kubwa imeshuka, nasi tunasema, "Amepona huyu!" Lakini mfupa unahitaji wiki sita hadi nane ndipo ushikamane vya kutosha, na kwa muda huo chakula ni cha maji au laini: uji, mtori uliosagwa, supu iliyochujwa, parachichi lililopondwa na maziwa. Mwaliko wa nyama choma kwenye sherehe ya somo wa parokia ni mateso kwake. Uvimbe mdogo uliobaki unaweza kuchukua miezi hadi mwaka. Katikati ya haya yote, wagonjwa wengi hupitia kipindi cha huzuni: njaa, usingizi mbovu, na uso mpya kwenye kioo ambao bado hawajauzoea. Huo si upungufu wa imani, na tusiwahubirie hivyo.

Halafu kuna ganzi. Mshipa wa fahamu unaoupa mdomo wa chini na kidevu hisia hupita ndani ya mfupa wa taya la chini, mahali pale pale panapokatwa. Karibu kila aliyepasuliwa taya hilo huamka akiwa hana hisia hapo. Kwa walio wengi hisia hurudi pole pole, kwa miezi, ikianza kwa kuchoma choma kama siafu. Kwa baadhi hairudi yote, na hatari hiyo huongezeka kadiri umri unavyosogea. Mambo madogo ndiyo yanayochosha: chai ya moto inaunguza mdomo na mwenyewe hana habari, uji unachuruzika kidevuni mbele ya watu, wembe unakata wakati wa kunyoa na damu anaonyeshwa na mwenzake. Mwenzake huyo amwonyeshe kwa ishara ya upole, asicheke.

Tunasema haya bila kutaka kumtisha anayefikiria kufanyiwa. Wengi waliopita njia hii wanafurahi kwamba walifanya: wanatafuna, wanalala, wanacheka bila kuziba mdomo kwa kiganja. Ila ni haki ya mgonjwa kuambiwa habari ya mdomo huo kabla ya kutia sahihi, kwa Kiswahili anachokielewa, si kwa fomu tu. Padre au mlezi anayeombwa ushauri amuulize waziwazi: "Daktari amekueleza kuhusu ganzi?"

Wapo kati yetu wanaonong'ona kwamba kurekebisha taya ni kukosoa kazi ya Muumba. Tarehe 4 Oktoba 1958, siku tano kabla ya kufariki kwake, Papa Pio XII alizungumza na madaktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile nchini Italia. Aliutambua uzuri wa mwili kuwa ni jambo jema, ingawa si jema la juu kuliko yote, na hakuuhukumu upasuaji wenyewe. Aliweka mkazo kwenye nia na mazingira. Kwa mtu asiyeweza kutafuna, nia haihitaji kupekuliwa sana. Mafrateri wanaosoma Sheria za Kanisa wanajua pia kwamba Mkusanyo wa mwaka 1917, kanuni ya 984, uliwazuia kupata Daraja wale ambao ulemavu wao ungewafanya wasiweze kuhudumu altareni kwa usalama au kwa heshima. Mkusanyo wa 1983 haukukirudia kizuizi hicho. Manong'ono ya bwenini yangefaa kukiacha vilevile.

Kwenye Ekaristi ndiko tunakoweza kufanya jambo la maana zaidi, nako ndiko tunakosahau. Mgonjwa asiyeweza kufungua mdomo hukaa nyumbani Jumapili nne, tano, akidhani Komunyo haimhusu mpaka atakapotafuna. Kanuni ya 925 inaruhusu, penye ulazima, kukomunika kwa umbo la divai peke yake. Mwongozo wa Jumla wa Misale ya Kirumi, namba 245, unataja hata mrija na kijiko. Kwa mdomo wenye ganzi, kijiko ni salama kuliko kikombe, na madaktari wengine huzuia kunyonya kwa mrija siku za mwanzo. Anayekunywa uji kila baada ya saa mbili asihangaike pia na saa moja ya mfungo kabla ya Komunyo: kanuni ya 919 inawaachilia wagonjwa na wanaowauguza. Na Kwaresima ikimkuta katika wiki hizo, asifunge. Akijitia ushujaa, gombera amkataze.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi. Wiki ya kwanza waende wawili tu, wakae dakika kumi, wazungumze wao. Mgonjwa apewe daftari na kalamu. Kama mataya yamefungwa kwa waya, anayemwuguza awe na koleo ya kukatia waya karibu na kitanda, aliyoelekezwa na hospitali, kwa sababu ya kutapika. Katibu wa jumuiya aandike kwenye kalenda ziara ya wiki ya sita na nyingine ya mwezi wa nne, waende na mtori. Seminarini, zamu ya kusoma somo la kwanza na ya kuongoza masifu asubiri hadi daktari aseme, na jina lake lisiondolewe kwenye orodha ya kwaya. Liachwe lilipo, kwenye sauti ile ile ya pili.