Muhimbili na Wagonjwa wa Delta

Mgonjwa atokaye kata ya Mtawanya, au yule aliyevushwa kwa mashua kutoka visiwa vya delta ya Rufiji hadi akaifikia barabara ya Kibiti, maradhi yake yakiwashinda matabibu wa wilaya na wa mkoa, tumaini lake la mwisho ni Muhimbili, Dar es Salaam. Asili ya hospitali hiyo ni sadaka ya tajiri Sewa Haji, aliyetoa mali yake zama za Wadachi ili Waafrika na Wahindi wapate tiba. Mwaka 1956 ikafunguliwa hospitali mpya kwa jina la Princess Margaret, ndiyo Muhimbili ya leo, na mwaka 1963 kikaanzishwa hapo chuo cha udaktari, ambacho tangu 2007 ni chuo kikuu kamili. Kumfundisha tabibu kando ya kitanda cha mgonjwa ndiyo, kwa rai yetu, fadhila ya Muhimbili iliyo kubwa kupita majengo yote, hata yale ya tawi lake la Mloganzila. Lakini elimu hiyo haijamfaa vya kutosha mama wa delta mwenye uchungu anayengoja maji yajae ndipo mashua iondoke. Tunaiomba Serikali kwa ikhlasi: wahitimu wa Muhimbili wapelekwe delta, wapewe nyumba, dawa, na boti ya kuwachukulia wagonjwa.