Eti Atajua Akishazaa

Mwambie mjamzito aanze kuulizia kituo cha kulelea mtoto, uone shangazi zake watakavyokurukia: mtoto hajazaliwa unampangia, unataka mkosi? Mwenye staha zaidi atasema mwache, atajua akishazaa, mama yake si yupo? Kauli hii hupita kama busara. Kwangu ni uzembe.

Akishazaa kachelewa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa wa Tanzania Bara likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, 100 akipata mapacha. Ila inamtaka ampe mwajiri taarifa, na cheti cha daktari, angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya matarajio. Baba ana siku 3 za malipo, azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Wiki hiyo nani ana nafasi ya kusoma sheria? Na anayenyonyesha ana haki ya kupewa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Kuna wanaokamua maziwa chooni kwa kujificha, wakidhani wanamwibia bosi muda.

Bibi tunamheshimu. Anajua kumkanda mzazi na kumwogesha kichanga. Lakini mafao ya uzazi ya NSSF atayajulia wapi? Tena bibi wa leo yuko gengeni tangu alfajiri. Mtoto ataachiwa dada wa kazi, ambaye mara nyingi naye ni mtoto wa watu.

Kaa kwenye benchi la kliniki asubuhi usikilize. Chandarua, vidonge vya kuongeza damu, dalili za hatari, kisha orodha ya kwenda nayo leba: glovu, pamba, wembe, mpira, kanga. Wajawazito wameikariri. Nani anamtaja afisa ustawi wa jamii, anayeweza kusema kituo gani cha mtaani kimesajiliwa? Hata kwenye hizi beibi shawa zetu, keki ya bei mbaya na sare za kupendeza, somo husimama akafundisha kurudisha kiuno.

Muuguzi kazidiwa, nakubali. Basi ofisi ya ustawi wa jamii ilete mtu wake kliniki walau siku moja kwa wiki, azungumze na wa hudhurio la kwanza, mimba ikiwa bado changa. Na waume waliowasindikiza waitwe ndani, wasiachwe getini wakipiga soga na bodaboda.