Ubora wa Kampuni Hauamuliwi Karamuni

Imekuwa desturi kwa vyama vya wataalamu jijini Dar es Salaam kuwaalika wanachama wao katika hoteli kubwa, wakala chakula cha jioni na kumsikiliza msemaji mashuhuri akifichua siri ya makampuni yanayoyapita mengine kwa ubora. Msemaji hutaja uongozi wenye upeo, nidhamu ya kazi, na kumtukuza mteja kama mfalme. Makofi hupigwa, tuzo hutolewa, na magari hurejea Masaki na Oysterbay. Mkulima wa Ndalambo hatajwi hata mara moja.

Hapana mwananchi mwenye akili timamu anayepinga wataalamu kujifunza. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, hutoa tuzo kwa hesabu zilizoandaliwa vizuri. Jambo hilo ni la kusifiwa, kwani hesabu safi ni adui wa wizi. Lakini hesabu safi yaweza pia kueleza kwa ufasaha faida iliyotokana na jasho la mtu aliyepunjwa.

Mahubiri haya ya ubora yalivuma sana kutoka Marekani. Mwaka 1982 Thomas Peters na Robert Waterman walichapisha kitabu kiitwacho In Search of Excellence, wakayasifu makampuni 43 kuwa mfano wa kuigwa. Kipimo chao kikubwa kilikuwa mapato ya fedha ya miaka 20, tangu 1961 hadi 1980. Mwaka 1984 tu, jarida la Business Week lilionyesha kwamba kadhaa kati ya makampuni hayo yalikuwa tayari yamekwama. Ni kasumba gani basi inayowafanya wasomi wa nchi hii kuyameza mafundisho hayo bila kuyatafuna?

Tanzania ina somo lake yenyewe. Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, lililoanzishwa mwaka 1968, lilipewa kazi nzito katika miaka ya 1970: kununua mahindi kwa bei moja nchi nzima. Kwa bei hiyo, mkulima wa Ndalambo, aliye zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam na ambaye wakati ule alikuwa Mkoa wa Mbeya, hakuadhibiwa kwa sababu ya umbali wake. Wakulima wa Mbeya, Rukwa, Iringa na Ruvuma waliitikia kwa majembe, wakawa walishaji wakubwa wa taifa. Shirika hilo halikuangushwa na shabaha yake. Liliangushwa na gharama zisizofidiwa, madeni makubwa ya benki na urasimu, hata wakulima wengine wakakaa muda mrefu wakisubiri malipo. Waliokuwa wa kwanza kuijua hatari hiyo ni wakulima hao, waliokwisha kukabidhi mahindi wakarudi nyumbani mikono mitupu. Nani aliwauliza?

Leo wanunuzi wengi ni makampuni na wafanyabiashara binafsi, na Ndalambo imo katika Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe. Maswali hayajabadilika. Je, mazao hupimwa kwa mizani ya haki, au kwa lumbesa inayofanya gunia la kilo 100 limeze zaidi? Je, mbolea hufika kabla ya mvua za Novemba, au hufika mahindi yakiwa yamekwisha kuota na kunyauka rangi? Je, fedha hulipwa siku mzigo unapochukuliwa? Kampuni isiyoweza kujibu maswali hayo haistahili tuzo, hata kama mkurugenzi wake ana shahada tatu.

Walimu wanalielewa jambo hili kuliko wasemaji wa karamuni. Malipo ya mahindi au ufuta yanapochelewa, mtoto huja shuleni bila daftari. Mtumishi wa Serikali naye hulijua pale mzazi anaposhindwa kutimiza mchango aliouahidi. Hasara hiyo haiandikwi katika hesabu za kampuni yoyote.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea viongozi wenye majivuno, ubadhirifu na dharau kwa wale wanaowaongoza. Onyo hilo lawahusu mameneja wa leo sawasawa, kwa maana anayejitathmini mbele ya wenzake tu, sahani zikiwa mezani, hatasikia ila sifa zake.

Wakati umefika vyama vya wataalamu vibadili utaratibu. Kabla ya tuzo yoyote kutolewa kwa kampuni inayonunua mazao au kuuza pembejeo, wajumbe waende kijijini, wakae na wakulima, wakague mizani na stakabadhi za malipo. Watumishi na walimu walioko huko wawasaidie wakulima kutunza kumbukumbu za uzito, bei na tarehe. Kumbukumbu hizo ndizo zisomwe karamuni kabla ya msemaji kusimama.